Eti “hayo ya jua mwachieni fundi AC”! Wasanifu majengo tumemkosea nani nchi hii?

Kivuli cha Mwembe:
Wakuu, naandika huku natetemeka. Mnamjua, simtaji. Kapanda jukwaani kutuhubiria sera ya majengo yasiyokula umeme, ukumbi umepozwa mpaka wajumbe wa mbele wamejifunika makabrasha kama kanga. Msanifu mmoja kauliza kwa adabu zote: mbona rasimu haisemi lolote kuhusu mwelekeo wa jengo? Jamaa katabasamu: “Hayo ya jua mwachieni fundi AC.” Na watu wakapiga makofi. MAKOFI!

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba linahamia kusini, nyuzi 73. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 linataka upenu wa sentimita 87 tu, la kusini 45, na jua la saa sita mchana haliligusi. Tena pande hizohizo ndizo zinazopokea pepo za kusi na kaskazi. Sasa njoo magharibi: saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30, upenu wa dirisha lilelile ungehitaji zaidi ya mita mbili na nusu. Huo si upenu, ni maegesho ya bajaji. Ndiyo maana magharibi unaweka ngazi, vyoo na stoo, au vingajua, yaani vibao vya kukinga jua, vya wima.

Sisi tunaweka nini? Kioo, sakafu hadi dari. Mita za mraba 10 za kioo cheupe cha tabaka moja, jua la jioni likipiga wati 600 kwa kila mita ya mraba, zinaingiza karibu kilowati 4.8. Kwa BTU, kipimo cha nguvu ya AC, hizo ni 16,000 na ushee kwa saa. Yaani unanunua AC ya 18,000 ipigane na dirisha, mtu bado hajapozwa. Halafu mwachieni fundi AC! Ageuze jengo kwa jeki?

Rula Mbovu:
Kunywa maji mkuu. Hicho kioo kachora nani, fundi AC? Mnampelekea mteja picha ya kompyuta, machweo yanawaka ukutani kote, kisha mnalia serikali haina sera.

Kivuli cha Mwembe:
Tunachora na vingajua pia! Wakadiriaji wa gharama wanavikata kabla wino haujakauka.

Mkadiriaji Mpole:
Nilijua tutafikiwa. Vingajua mnaviweka kwenye BOQ, orodha ya kazi na bei zake, chini ya “mapambo ya nje”. Bajeti ikizidi, mapambo ndiyo ya kwanza kwenda, hata mama yako angeyakata. Viweke kwenye bei ya dirisha, kando yake andika AC imeshuka kutoka BTU ngapi hadi ngapi. Mteja akiona hesabu hizo mbili pamoja hatagusa. Hamfanyi, kazi yenu kununa.

Stima Imepotea:
Nyinyi mnalilia sera, sisi Kenya tulipewa. Kanuni za 2012 zilisema jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo wa jua, nao utoe asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Kilichofuata? Tangi juu ya paa, bomba la maji moto linashuka orofa nne bila kufungwa sifongo. Mpangaji anafungua, dakika nzima ni maji baridi, anachoka, anawasha shawa ya umeme. Mkaguzi akija anaona mtambo, anatia tiki.

Zege la Usiku:
Wote mnakosea. Kaboni nyingi, yaani hewa ukaa, imeshamwagwa kwenye msingi kabla mita ya umeme haijafungwa. Mawe ya chokaa yakichomwa kupata klinka, kiungo kikuu cha saruji, yanatoa kaboni yenyewe, hata tanuri lingekuwa la umeme wa jua. Halafu unakuta mtu anapigia plasta saruji ya daraja la nguvu 42.5! Plasta 32.5 inatosha kabisa. Hiyo rasimu ina mstari hata mmoja wa saruji?

Kivuli cha Mwembe:
Jamani uzi ni wa yule bwana na FUNDI AC.

Koili Safi:
Ndiye mimi, fundi AC. Nimesoma wote. Sisi tukifika kazini tunauliza kwanza dirisha linaangalia wapi, kwa hiyo huyo bwana hakutuuliza hata sisi. Ila wasanifu nanyi! Mnaficha mashine za nje za AC kwenye upenyo wa sentimita 60, nane zinatazamana, kila moja inavuta joto la mwenzake. Saa nane mchana presha inapanda, kompresa inazima, lawama kwa fundi. Bomba la kutoa maji ya AC hamliachii mteremko, sentimita moja tu kwa mita, mnaona litaharibu dari.

Rula Mbovu:
Hapo kwenye dari umewapata 😂

Mama Gorofa ya Tatu:
Fundi, tuwaache hao. AC yangu ya ukutani, split ya BTU 12,000, inadondosha maji ukutani. Nianzie wapi?

Koili Safi:
Zima kwanza. Toa chujio uoshe, likauke kivulini. Kama lilikuwa safi, nenda nje uvute bomba la maji kwa mashine ya kunyonya, utatoka utelezi kama uji. Ukikuta barafu kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, ama hewa haipiti ama gesi imepungua. Asije mtu akakuongezea gesi bila kutafuta inapovujia, utamlipa tena mwezi ujao.

Mama Gorofa ya Tatu:
Barafu ipo, upande wa kushoto tu.

Koili Safi:
Tupia picha.