Kikundi cha wapangaji, ghorofa la Sinza: waifai za jioni

Mama Salma 2B: Habari za jioni majirani. Jamani tangu saa 1 waifai yangu inazunguka tu. Salma yuko kwenye kipindi cha hesabu, mwalimu anamsikia nusunusu. Na kifurushi nimelipia juzi!

Mzee Kombo 1A: Hata huku. Asubuhi inakwenda vizuri, jioni inasuasua.

Neema 3B: Nimezima na kuwasha ruta mara tatu. Wapi.

Baba Junior 3A: Poleni. Mama Salma, kabla hujawapigia watu wa mtandao, chomeka laptop kwa waya kwenye ruta, zima waifai ya laptop, upime spidi. Halafu chomoa waya, pima kwa waifai hapohapo ulipokaa. Niletee namba zote mbili.

Mama Salma 2B: Waya 19. Waifai 2. Nalipia ya 20.

Baba Junior 3A: Basi intaneti inafika nyumbani kwako salama, inapotelea hewani. Waya nao ungeleta 2, hapo ndiyo ungewapigia.

Neema 3B: Hewani kivipi kaka?

Baba Junior 3A: Ruta zetu nyingi ziko masafa ya gigahezi 2.4. Chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, zipo 1 hadi 13, ila zimebanana: kutoka moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, na ruta inataka upana wa 20. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Nimesimama kwenye ngazi sasa hivi na programu ya kupimia, naona ruta 14. Tisa ziko chaneli 6!

Mzee Kombo 1A: Ndiyo maana usiku wa manane inafunguka.

Baba Junior 3A: Ndiyo Mzee. Zilizo chaneli moja zinasikilizana, mmoja akisema wengine wanangoja zamu. Watu wakilala, foleni inaisha.

Neema 3B: Fundi wangu aliniweka 4, akasema iko tupu.

Baba Junior 3A: Hapo ndipo wengi wanapoumia, dada. Ukiwa 4, walio 1 na walio 6 hawakuelewi ili wakupe zamu, wanakusikia kama kelele. Na wewe unawasikia hivyohivyo. Afadhali kushiriki chaneli na mtu kuliko kukaa katikati. Naomba sana uhamie 11. Na upana weka 20, ile 40 inameza karibu nusu ya masafa yote.

Mama Salma 2B: Mimi nabadilishia wapi?

Baba Junior 3A: Geuza ruta, stika ya chini ina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na nywila. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ingia, tafuta palipoandikwa Channel, toa Auto, weka 1. Kwani ruta umeiweka wapi?

Mama Salma 2B: [picha]

Baba Junior 3A: Mama Salma! Nyuma ya TV, ubavuni mwa friji, na kitambaa cha kufuma juu. Kitambaa hakizuii mawimbi ila ruta inachemka, kitoe. Vinavyozuia ni friji na TV. Ipandishe juu ya kabati, pawe wazi.

Mama Salma 2B: Sawa. Halafu kuna jina jingine lina 5G mwishoni, siligusi, naogopa litamaliza bando la simu.

Baba Junior 3A: Hiyo siyo 5G ya simu. Ni ruta yako hiyohiyo kwenye gigahezi 5. Huko kuna nafasi tele, ila ukuta wa tofali unaidhoofisha haraka. Salma akiwa sebuleni na ruta, muunganishe huko.

Mama Salma 2B: Imefika 18! Mwalimu anamsikia vizuri. Mungu akubariki baba.

Neema 3B: Nimehamia 11, upana 20.

Mzee Kombo 1A: Mwanangu, humo ndani mimi siwezi kuingia. Kuna kitundu hapa nyuma, nikibonyeze kwa pini?

Baba Junior 3A: Hapana Mzee, hicho kinafuta kila kitu! Shikamoo, nashuka sasa hivi.

Mzee Kombo 1A: Marahaba. Mlango uko wazi.