Benki acheni kutufukuza kaunta: hela ya bukingi iliyoghairiwa mnaweza kuidai, na ni kazi yenu

Wakuu, hii tabia sasa imezidi.

Mtu kalipia hoteli au tiketi ya ndege kwa kadi ya Visa au Mastercard, safari imekufa, muuzaji kagoma kurudisha hela. Anakwenda benki yake, anajibiwa kaunta: "Hilo malizana na hoteli, sisi tulishalipa." Anarudi nyumbani, anaandika barua pepe hotelini, hajibiwi, anaandika tena. Huku siku zinakatika, na hizo siku ndizo zinazommaliza.

Jibu hilo si kweli. Benki iliyokupa kadi ina utaratibu rasmi wa kuidai hela hiyo kutoka benki ya muuzaji, kwa kanuni za Visa na Mastercard ambazo imekubali kuzifuata. Wenyewe wanauita chajibeki. Unahusu kadi ya mkopo, na unahusu pia kadi ya kawaida ya akaunti na ile ya kuweka hela kabla ya kutumia, alimradi ina nembo hizo. Mteja hawezi kuufungua mwenyewe, anayeweza ni benki yake tu. Kwa hiyo benki ikikataa kupokea fomu ya kupinga muamala, mteja hana pa kupitia. Iwe wanafanya makusudi au hawaijui kazi yao, anayeumia ni yule yule.

Sasa tuelewane, maana kuna watu wanapotoshana huku mitaani. Chajibeki si dawa ya kubadili mawazo. Kama ulichukua chumba cha bei ya chini kilichoandikwa wazi kabla hujalipa kwamba hela hairudi, ukaona, ukakubali, halafu ukaahirisha safari mwenyewe, hapo huna kesi. Hata Ulaya, ambako anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kujirudi, haki hiyo haigusi chumba cha hoteli, usafiri wala gari la kukodi vya tarehe maalumu.

Unashinda pale ambapo ulighairi ndani ya muda uliotajwa na hela haikurudi. Au masharti ya kughairi hukuonyeshwa kabla ya kulipa, yakaja kwenye barua pepe baada ya hela kukatwa. Au huduma yenyewe haikutolewa: hoteli imefungwa, ndege imefutwa. Au umekatwa mara mbili, au zaidi ya mlichokubaliana.

Kila moja ya hizo ina namba yake ya sababu, na hapa ndipo benki zetu zinapoharibu zaidi. Kwa Visa, hela uliyoahidiwa kurudishiwa na haikuja ni 13.6, huduma uliyoighairi ni 13.7, huduma ambayo hukupewa ni 13.1. Mastercard hizi zote huingia 4853. Mhudumu asiyejua anakujazia fomu ya wizi, yaani "muamala huu sikuufanya mimi". Matokeo yake kadi yako inafungwa, muuzaji anatoa barua pepe ulizomwandikia mwenyewe wakati wa kubuku, na unaonekana umedanganya. Kesi iliyokuwa ya kushinda imekufa kwa tiki moja mahali pasipo pake. Usisaini fomu hiyo! Mwambie aandike kwamba muamala uliufanya wewe, ila huduma imeghairiwa na hela haijarudi.

Muda ni siku 120. Kwa huduma ambayo hukupewa, zinahesabiwa tangu tarehe uliyotarajia kuipata, kwa hiyo aliyelipa Januari kwa safari ya Julai bado yumo. Kwa hela uliyoahidiwa, kwa kawaida benki inatakiwa kwanza isubiri siku 15 uone kama itaingia. Siku 15, si miezi mitatu ya "endelea kuwasiliana na hoteli". Na huo muda wa siku 120 unaibana benki pia, sasa ukipeleka fomu siku ya 118 na wao wakailaza mezani, imeisha. Ipeleke mapema, udai nakala yenye muhuri na tarehe.

Ushahidi unaohitajika: uthibitisho wa bukingi wenye namba, picha ya ukurasa wa masharti kama ulivyokuwa siku unalipa (piga picha siku hiyo hiyo, kurasa hizi hubadilishwa), ujumbe wa kughairi pamoja na namba ya kughairi, na maandishi ya kumdai muuzaji na majibu yake. Simu haihesabiki. Ukighairi kwa simu, tuma barua pepe dakika hiyo hiyo kurudia mlichoongea. Angalia na saa pia: mwisho wa kughairi kwa kawaida huhesabiwa kwa saa za hoteli ilipo. Ikiandikwa saa 12 jioni na hoteli iko Dubai, kwa mtu wa Dar hiyo ni saa 11.

Kisha soma jina lililotokea kwenye taarifa ya kadi. Likiwa la wakala au tovuti ya kubuku, madai yanakwenda kwake, hata kama chumba ni cha hoteli nyingine kabisa. Watu hutupiana mpira hapa hadi mteja anachoka. Aliyekata hela ndiye anayedaiwa.

Tofautisha pia hela iliyoshikiliwa tu, ambayo muuzaji hajaichukua bado, na hela iliyokatwa. Muamala ambao bado unasubiri haupingwi kwa chajibeki. Huo muuzaji ndiye anapaswa kuuachia, au muda wake uishe. Na muuzaji akikwambia "tulisharudisha, ulizia benki yako", mdai namba ya rejea ya marejesho, ile ndefu ya tarakimu 23 inayoitwa ARN. Akiwa amerudisha kweli, anayo, na benki yako itaifuatilia. Akianza kuzunguka, huo ni ushahidi wa kuambatanisha. Ila jueni kwamba marejesho ya dola hubadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo shilingi zinaweza kupungua bila muuzaji kuwa na kosa.

Kwenye ndege, kosa kubwa ni haraka. Shirika likionekana linayumba, usighairi wewe kwanza. Ukighairi wewe, masharti ya tiketi yako ndiyo yanatawala. Likifuta lenyewe, hela ni yako. Kwa safari zinazotoka Umoja wa Ulaya, au zinazokwenda huko kwa shirika la huko, kanuni 261 ya mwaka 2004 inasema fedha zirudi ndani ya siku 7, na vocha ni kwa abiria aliyeikubali kwa saini yake tu. Usibonyeze "kubali vocha" ati uondoe usumbufu, unakuwa umeuza madai yako. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, una saa 24 za kughairi bila kukatwa, isipokuwa kwa shirika linalokuwekea nafasi saa 24 bila malipo.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana nguvu kuliko sisi. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaibana benki ya kadi ya mkopo pamoja na muuzaji akivunja mkataba, kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Hiyo ni sheria ya nchi. Chajibeki ni kanuni za kadi tu. Lakini ukilipa kupitia wakala wa kati, kifungu hicho kinaweza kisikuguse.

Kwa hapa nyumbani Tanzania, benki ikikataa, usiondoke na maneno matupu. Andika lalamiko, taja namba ya sababu, tarehe ya muamala, kiasi, na uombe wakatae kwa maandishi wakieleza kwa nini. Wengi wao wakisikia "kwa maandishi", fomu inapatikana. Wakikomaa, nenda dawati la malalamiko la Benki Kuu na nakala zako zote. Shirika la ndege linaweza kushtakiwa pia TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na muuzaji aliyeficha masharti ni wa kupelekwa FCC (tume ya ushindani), maana sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Mwenye barua ya benki iliyomkatalia aiweke hapa chini. Futa jina na namba ya kadi, acha tarehe na sababu waliyotoa.