Gemu la vita la karibu laki na themanini, ndani ya diski hamna kitu. Tumepigwa!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira. Wale wa "gemu ni mambo ya watoto, kanunue kiwanja Chanika" piteni kushoto, leo sina nafasi yenu.

Nina ugomvi na watengenezaji wa magemu ya kupigana risasi, haya ya PlayStation na Xbox. Hawa watu wanatuuzia kasha. Kasha la plastiki lenye picha ya komandoo kashika bunduki, na diski ambayo kazi yake ni kuthibitisha kwamba umelipa. Gemu lenyewe humo halimo.

Majuzi nimechukua gemu jipya la vita dukani Kariakoo. Duka silitaji na gemu silitaji, maana nawajua humu, nikitaja tu wapenzi wake watahamisha hoja tuanze kubishana ni lipi kali kuliko lipi. Nimelipa bei kamili. Nikafika nyumbani, nikaingiza diski, mashine ikaunguruma kidogo, halafu ikaleta ule mstari wa kushusha: zaidi ya GB mia moja. Bando langu limekata roho hata menyu sijaiona. Nikamrudia muuzaji kwa moto, akanijibu bila hata kuacha kuhesabu hela zake, "Kaka, siku hizi yote ndo yako hivyo." Kilichoniuma ni kwamba hajadanganya.

Call of Duty: Modern Warfare II ilipotoka Oktoba 2022, watu walifungua diski ya PS5 wakakuta kama MB 70. Diski za PS5 zinabeba mpaka GB 100, wao wameweka MB 70. Video ya send-off uliyotumiwa kwenye grupu la ukoo inaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Mtu akasema aah, hiyo ni Call of Duty, watu wanaicheza mtandaoni, intaneti unayo tu. Haya. Mei 2025 ikatoka Doom: The Dark Ages. Hiyo haina mtandao wowote, hakuna wa kushindana naye, ni wewe na mashetani yako mpaka mwisho wa stori. Diski yake ya PS5? MB 85 hivi. Gemu la mtu mmoja, unalinunua mkononi, na bado bila intaneti hulioni.

Sasa tupige hesabu, maana wapo watakaosema nalia lia. Gemu la GB 150, intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, haishuki, haikatiki, umeme haujaenda popote: saa 33. Nani hapa ana intaneti ya hivyo kwa saa 33 mfululizo? Wa fiba Masaki na Mikocheni mnaweza kunyoosha mikono. Mimi wa Kimara natumia bando la simu, nawasha hotspot, nalala na roho juu. Na ukimaliza kushusha, wiki inayofuata wanaleta apdeti nyingine ya GB kibao kwa sababu wameongeza kofia na rangi za bunduki.

Kuna wataalamu hujibu kwamba magemu ya sasa ni mazito kwa sababu picha ni kali, sauti ni kali, vumilieni. Mimi hiyo nimeimeza miaka mingi. Halafu Desemba 2025 wale wa Helldivers 2, gemu la kupiga wadudu wa anga za mbali, wakatoa toleo jipya la kompyuta: lilikuwa GB 154 hivi, wakalishusha mpaka kama GB 23. Gemu lile lile. Picha zile zile, wadudu wale wale. Kumbe faili zilikuwa zimerudiwarudiwa kwa ajili ya watu wenye hard disk za kizamani zinazozunguka, ili zisome haraka, na walipopima vizuri wakaona tofauti ni ndogo. Zaidi ya GB 130 zilikuwa marudio! Kwenye PS5 gemu hilo hilo lilikuwa GB 35 hivi tangu zamani. Nawapongeza kwa kusafisha, sikatai, ila niambieni: mangapi mengine yamejaa marudio na hakuna aliyejisumbua kuangalia? Kwa mtu wa Stockholm, walikolitengeneza, GB 130 si kitu. Mimi ni hela ya mboga ya mwezi.

Na nafasi ya kuweka je? PS5 ile ya kwanza imeandikwa GB 825, unazopata kutumia ni kama 667. Kwenye PS4 hali ilikuwa mbaya zaidi, mwaka 2021 Activision wenyewe, wenye Call of Duty, walitoa tahadhari kwamba mwenye PS4 ya GB 500 akiweka Modern Warfare na Warzone yote pamoja na Black Ops Cold War yote, huenda nafasi isitoshe. Magemu ya kampuni moja hayaenei kwenye mashine moja, wakuu. Kwa hiyo unafuta moja ili uweke jingine, na ukitaka kulirudia, unarudi kwenye saa 33.

Tuje kwenye akaunti, hapa ndipo presha inapanda.

Fungua ukurasa wa kujisajili PSN, mtandao wa Sony wa PlayStation, tafuta Tanzania. Haipo. Kenya? Haipo. Uganda, Rwanda, Burundi, Congo, hakuna. Afrika Kusini ipo. Oman, Emirates, Qatar na Saudia zipo. PS2 ilijaa kila mtaa Tandale mpaka Kisauni, PS3 tukanunua, PS4 tukanunua, PS5 zinauzwa hapa hapa mjini mchana kweupe, lakini kwenye orodha yao hatujazaliwa. Basi kila mmoja wetu ni raia wa kughushi. Mimi ni Mmarekani wa Kimara. Jirani yangu Mwingereza wa Ubungo, anwani yake ya London aliitoa Google. Ukishachagua nchi hiyo ndiyo yako, vocha za Uingereza hazikubali kwenye akaunti ya Marekani, kadi ya benki yako ya Bongo wanaweza kuikataa, unabaki kununua vocha kwa watu wa mitandaoni kwa bei ya kulanguliwa.

Mnadhani nawaonea? Mei 2024 Sony walitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PSN. Kelele zikapigwa dunia nzima, wakarudi nyuma ndani ya siku chache. Lakini katikati ya sakata hilo gemu likaondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, katika nchi zaidi ya 170, zile ambazo PSN haipo. Nchi zaidi ya 170! Ndiyo siku niliyojua kwamba hii dunia ya kina sisi ni kubwa kuliko dunia yao.

Na ili ucheze na wenzako mtandaoni unalipia tena PS Plus. Kwenye PS3 kucheza mtandaoni ilikuwa bure. PS4 ilipokuja mwaka 2013 wakaweka geti. Septemba 2023 kifurushi cha chini cha mwaka kikapanda kutoka dola 60 mpaka 80. Magemu ya bure kama Fortnite na Warzone hayadai hiyo Plus, ndiyo, lakini lile nililotoa laki na themanini linadai. Halafu ukiingia, seva iko Ulaya au Uarabuni, wewe umejificha nyuma ya ukuta, umeshafika salama kabisa, ghafla umekufa. Kwenye marudio unaona yule Mjerumani alikupiga ulipokuwa bado uko wazi. Dogo analalamika "huyu ana hila". Hana hila, ana intaneti.

Haya, mtu ataniambia acha mtandao, cheza stori peke yako. Sikieni sasa. Call of Duty: Black Ops 7 ilipotoka Novemba 2025, stori yake ilitaka intaneti muda wote hata ukicheza peke yako. Na huwezi kuisimamisha! Unabonyeza pozi, dunia inaendelea, unapigwa. Mama akikuita uende ukamfungulie geti, ukikaa kimya sana wanakutoa kwenye gemu kwa kosa la kutocheza. Huyu aliyebuni hivi hajawahi kuishi na mama.

Kumbukeni Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Wenye PS2 zao waliendelea kucheza kama hakuna kilichotokea. Gemu kama la stori ya Black Ops 7 siku kama ile ni picha ya ukutani.

Ila kinachonichoma kuliko vyote, kuliko hata hela, ni kwamba wametunyang'anya kukaa pamoja. Mliokulia kwenye mabanda ya gemu mnaelewa. TV ya chogo, padi mbili, moja ina waya umefungwa gundi, watu wanane kwenye benchi, na mwenye banda ana saa yake ya ukutani anayoiamini yeye peke yake. Mpira ndio ulitawala, anayefungwa anatoka, lakini jioni wakubwa walikuwa wanaweka gemu la vita, skrini inagawanyika mara mbili, wewe juu mimi chini. Na ugomvi mkubwa: "Unaniangalizia!" Bila shaka nakuangalizia, skrini ni moja! Kuna mtu alikuwa anatundika kitambaa katikati ya TV. Hayo magemu yalikuwa mengi. TimeSplitters 2 kwenye PS2 mwaka 2002 iliruhusu watu wanne kwenye TV moja. GoldenEye 007 ya Nintendo 64 ilifanya hivyo mwaka 1997, kwenye mashine ambayo saa ya mkononi ya leo inaishinda nguvu.

Leo mashine ina nguvu mara elfu na wanakwambia haiwezekani. Halo, gemu la risasi la Xbox lililojengewa jina na watu kukaa kochi moja, mwaka 2015 likatoka Halo 5 bila skrini ya kugawana kabisa. Mashabiki wakawaka, wakaahidiwa itarudi. Halo Infinite ikaja 2021, na Septemba 2022 wakatangaza kwamba kucheza stori watu wawili kwenye TV moja kumefutwa, hakuji tena. Battlefield 2042 nayo ilitoka Novemba 2021 haina stori wala ubao kamili wa matokeo, eti utaletwa baadaye. Gemu la kushindana bila ubao kamili wa matokeo. Call of Duty angalau bado inaweka skrini mbili kwenye baadhi ya sehemu zake, hapo niwe mkweli, ingawa ili huyo rafiki yako akae pembeni yako wanataka naye awe na akaunti. Dogo wa miaka kumi aliyekuja kucheza nusu saa, aanze kujisajili kuwa Mmarekani.

Sababu wanaijua wenyewe na mimi naijua. Watu wawili kwenye kochi moja wamenunua gemu moja. Wakitenganishwa ni mashine mbili, magemu mawili, Plus mbili, na kila mmoja ananunua suruali za yule komandoo kivyake.

Na hata hilo ulilonunua si lako. Concord, gemu la risasi la Sony, lilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na tarehe 6 Septemba likazimwa. Wiki mbili. Waliorudishiwa hela wana bahati. Walionunua The Crew ya Ubisoft ya magari, iliyotoka 2014, seva zilizimwa Machi 2024 na gemu likafa hata kwa mwenye diski mkononi. Ndipo Wazungu wakaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, sahihi zaidi ya milioni moja zikapatikana Umoja wa Ulaya. California nao wana sheria tangu Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kidijitali asiandike "nunua" bila kukwambia wazi kwamba unachopata ni leseni tu. Huku kwetu hiyo laki na themanini inaondoka na risiti haina maelezo hata hayo.

Najua majibu yenu. "Hamia kompyuta." Kompyuta ya kucheza magemu hayo ni bei gani na huko nako si unashusha GB zile zile? "Cheza PUBG ya simu." Nacheza, sana tu, foleni ya mwendokasi inaisha bila kujijua. Lakini sikununua TV ya inchi 55 nikacheze kwenye inchi sita. "Nunua PS5 Pro." Dola 700 ilipotoka Novemba 2024, na sehemu ya diski hawajaweka, unanunua pembeni. Endelea mwenyewe.

Ninachotaka kwenu ni viwili. Kwanza, wenye magemu ya risasi ya PS4 au PS5 ambayo diski ina gemu zima, unaweka unacheza bila kushusha kitu, na yenye skrini ya kugawana, tajeni majina hapa chini. Mliojaribu kwa mikono yenu, si mliosoma. Pili, ndugu zetu mlioko Muscat na Dubai wenye akaunti halali za huko: vocha mnapata kwa bei gani, na je, mtu akiwa Dar au Mombasa akaunti hiyo inamkubali bila kusumbua? Nataka kuhama Umarekani.

Kasha ninalo, kama kuna anayelitaka la kuwekea vifungo. Diski nampa bure.