RAM 2GB au niwe naiwasha upya skripti kila saa?

kijana_wa_seva: Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya RAM 1GB, kuna skripti ya PHP inakesha ikituma SMS za wateja. Asubuhi iko vizuri, ikifika jioni hata kuingia kwa SSH ni shida. Kifurushi kinaisha Ijumaa. Nihamie 2GB, au niweke kroni (ratiba ya amri zinazojiendesha) iwe inaiua na kuiwasha kila saa?

MamaTerminal: Mdogo wangu, umeleta mgonjwa bila vipimo. Ni Laravel (fremu ya PHP) au umeandika mwenyewe? Hifadhidata, MySQL, iko humo humo? Toa `free -m` tuone memori.

GoTu: Achana na PHP, hamia lugha ya Go. Maliza.

MamaTerminal: Go nayo inavuja ukiacha gorutini (kazi zake za sambamba) zinaning'inia. Usimpotoshe mtoto wa watu.

mpwani82: Weka `pm.max_requests` 500, ulale.

bin_juma: @mpwani82 hiyo ni ya FPM, inayohudumia kurasa za wavuti; skripti ya foleni haipiti huko.
Kuhusu RAM, sikia yaliyotukuta kwenye mfumo wa hoteli moja. Bosi akaamuru tutoke 2GB twende 4GB. Kilichobadilika ni siku ya kuanguka tu: badala ya Jumanne ikawa Alhamisi. Siku hiyo wageni wamejaa mapokezi, mfumo kimya, dada wa mapokezi anaandika majina kwenye daftari. Wote tukaishika MySQL uchawi. Kufungua `dmesg`, kumbukumbu za kenel (kiini cha mfumo): `Out of memory: Killed process`, na aliyeuawa ni `mysqld`, yaani MySQL yenyewe. Kenel ikiishiwa huwa inamlenga aliye mnene, si lazima awe mwizi. Mwizi alikuwa skripti ya ripoti: mtu aliacha `DB::enableQueryLog()`, kila hoja inayokwenda MySQL inarundikwa kwenye memori. Kwenye ukurasa wa kawaida PHP inafagia yote ombi likiisha, kwa hiyo usingeona kitu. Inayokesha haifagiliwi.

kijana_wa_seva: Laravel, `queue:work` (amri ya foleni), Supervisor ya kuiwasha ikizima ipo. MySQL humo humo. Vipimo nikitoka kazini.

MamaTerminal: Sasa kroni ya nini? Weka `--max-time=3600`. Inamaliza kazi iliyo mkononi, inatoka yenyewe, Supervisor inaiwasha. Ukiua kwa `kill -9` katikati na umeruhusu majaribio zaidi ya moja, mteja anaweza kupata SMS mbili. Pia usivute wateja wote kwa `get()`, tumia `chunkById`, inavuta mafungu mafungu. Ile `--memory`, kikomo cha MB 128, inakaguliwa kazi ikishaisha, haikusaidii kazi moja ikibugia.

mpwani82: Au swap ya 1GB (diski isaidie RAM), bure.

bin_juma: Swap inachelewesha msiba tu.

mpwani82: Yangu haijawahi kuanguka.

GoTu: Kwa sababu haina watumiaji 😂

kijana_wa_seva: Kwa hiyo Ijumaa nilipie ipi?

mpwani82: 2GB. MySQL na Laravel kwenye 1GB ni kujitesa.

bin_juma: Lipia ileile kwanza, upime.

GoTu: Dogo, SMS unatumia kampuni gani? Mimi jina la mtumaji wananizungusha tu.