VirtualBox, Proxmox au Raspberry Pi? Home Assistant yangu inakata mtandao kila jioni

mchukwani
Assalaam alaykum jamani. Mie nna Home Assistant (HA, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) naiendesha ndani ya VirtualBox (programu inayounda kompyuta ndani ya kompyuta, yaani VM) kwenye laptopu kongwe ya Windows 10, nimeiweka juu ya kabati sebuleni, inatumia waifai. Imeshika pampu ya maji (ESP32, yaani bodi ndogo yenye waifai, na sensa ya tangi la juu), taa za uani na plagi mbili tatu. Asubuhi inakwenda vizuri tu, ikifika magharibi watu wote wamerudi kila mtu na simu yake, basi apu inazunguka haifunguki, vifaa vyote vinaandika "Unavailable", baada ya dakika tano kumi vinarudi vyenyewe. Juzi imekata pampu ikiwa inawaka, tangi likafurika maji yakateremka mpaka kwa jirani, sina uso wa kumtazama. Nataka kuhama. Nibaki VirtualBox nirekebishe, nitafute kompyuta ndogo ya mtumba niweke Proxmox (mfumo wa kuendesha VM bila ya Windows), au niachane na mambo ya VM nichukue Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja)? Alotumia anambie.

fundi_darajani
Waalaykum salaam. Hama kaka. VirtualBox ni ya kujaribia, si ya kuiachia nyumba. Mie kimashine changu cha Proxmox kimetoka Kariakoo kikaja na boti, laki tatu na nusu, RAM giga 8, HA nimeipa kori mbili na giga 2 na diski giga 32 na bado nafasi imebaki naendesha na vitu vyengine. Bekapu usiku inajipiga yenyewe, ukiharibu kitu unarudisha ya jana unaendelea na chai yako.

mpemba_wa_wete
Yakhe usimpeleke mbio mwenzio. Mie hiyo Proxmox ninayo na ilikuwa ikikata vilevile! Mashine yangu kadi yake ya mtandao ni Intel I219, kila nikikopi faili kubwa inakufa, si HA peke yake, mashine nzima hujibiwi mpaka uende ukachomoe waya. Kwenye logi unakuta "Detected Hardware Unit Hang". Nimekuja kuponea kwenye kuzima TSO na GSO (mipangilio ya kukatakata data inayotoka):

ethtool -K eno1 tso off gso off

(eno1 weka jina la kadi yako, na uitie kwenye /etc/network/interfaces, la sivyo ukiwasha upya imekwenda.) Kwa hiyo kabla hujatoa laki tatu jua kwanza kinachokata ni kipi. Leo ikikata usiguse kitu. Piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kinajibu) mara tatu: toka laptopu kwenda kwenye ruta, toka ndani ya HA kwenda kwenye ruta, halafu toka simu kwenda kwenye HA. Lete majibu.

binti_mjimkongwe
Mie niko upande wa Pi, nna Pi 4. Raha yake hakuna tabaka la katikati, mtandao unatoka kwenye ruta unaingia kwenye HA basi. Ila nikwambie na ubaya wake, nilianza na memori kadi, umeme ukikatika mara mbili tatu kwa wiki kadi ikafa na kila kitu changu ndani, nikaanza upya toka A. Sasa nimeifunga SSD ya USB na yupiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo, mpaka leo imetulia. Jumlisha hivyo vyote ndo uone bei ya Pi, usiangalie ya bodi yake peke yake.

Halafu kaka mchukwani, hiyo pampu hata usipohama leo irekebishe leo. Haifai kuzima kwake kutegemee mtandao. Kama ni ESPHome (programu ya kupangia ESP32), weka amri ndani ya ESP32 yenyewe, ikiwaka dakika kadhaa izime, HA iwepo isiwepo. Na uangalie reboot_timeout kwenye api (sehemu ya mipangilio inayoiunganisha na HA), ikikosa HA dakika 15 inajiwasha upya yenyewe, iandike 0s. Na boya la kawaida la fundi bomba liweke pia, halijui waifai wala nini.

mchukwani
Dada ahsanta, hilo la pampu nimelifanya usiku uleule. Majibu ya ping: laptopu kwenda ruta inapita safi. HA kwenda ruta, hakuna. Simu kwenda HA, hakuna. Niko Bridged Adapter (VM inapata IP yake toka kwenye ruta), si NAT (VM inajificha nyuma ya laptopu).

mpemba_wa_wete
Basi ugonjwa tumeuona. Waifai haikubali kifaa kimoja kiseme kwa anwani za MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) mbili, ruta inaijua ya laptopu tu. VirtualBox inachofanya, inaivika VM MAC ya laptopu kisha inachambua yenyewe hii ya nani hii ya nani kwa kuangalia IP. Kachukue kompyuta nyengine uandike arp -a, utakuta IP mbili, ya laptopu na ya HA, zina MAC moja. Huo ujanja unakwenda mpaka siku hauendi, na mambo ya kutangaziana vifaa (mDNS) ndo yanateseka zaidi. NAT nayo usiijaribu, utapata 10.0.2.15 na HA haitoona kifaa chochote kinachojitangaza nyumbani. Na ujue hata Proxmox ungeileta ukaiweka waifai ungekwama, bridge yake haiipokei kabisa. Vuta waya. Waya elfu kumi tu.

fundi_darajani
Hapo kwenye waifai nakubali, sikusoma vizuri kama hakutia waya 😅

mchukwani
Nimevuta waya mita 15 toka kwenye ruta, nimepita nao juu ya mlango bi mkubwa kanuna. NA BADO INAKATA. Sasa?

fundi_darajani
Ingia Settings ya VM, Network, chini ya Bridged Adapter pana "Name". Pameandikwa kadi gani?

mchukwani
...ya waifai.

fundi_darajani
Haya. Chagua ile ya waya, na waifai ya laptopu uizime kabisa. Halafu Device Manager, kwenye hiyo kadi, Power Management, toa tiki ile ya kuruhusu Windows kuizima kuokoa umeme. Na kifuniko ukikifunga laptopu isilale.

binti_mjimkongwe
Na IP ya HA ifunge kwenye ruta isiwe inabadilika. ESP32 zako haziwezi GHz 5, kwa hivyo ile 2.4 iwekee chaneli 1, 6 au 11, usiiache otomatiki. Huku kwetu kuta za mawe na chokaa, ruta moja haivuki hata chumba cha pili, nimelazimika kuweka mbili kwa waya.

mchukwani
Salaam tena, siku ya 12 leo. Haijakata, isipokuwa umeme ulipokatika, na hapo laptopu ilibaki na betri yake lakini ruta ikazima, kwa hiyo yupiesi nitainunulia ruta. Proxmox nimeiweka kando kwanza, laptopu ikifa ndo nitakuja kukusumbua fundi. Ila kimebaki kimoja, balbu zangu za uani za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo, si waifai) zinapotea mojamoja, dongo yake (kijiti cha USB cha kuzungumza nazo) nimeichomeka kwenye USB ya bluu ya laptopu.

mpemba_wa_wete
USB 3 hiyo, inaichafulia Zigbee hewa. Itie kwenye waya wa kurefusha USB uiweke mbali kidogo na laptopu. Ikikataa fungua uzi mwengine yakhe, huu ushakuwa mrefu.