Anayesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), fasihi ya nini?

Wakuu, kwa mwanafunzi wa PCB hapa Dar mwenye ratiba iliyojaa, fasihi itamsaidia nini? Aanzie wapi?

Jibu 1: Mkuu, hadithi fupi moja kwa wiki inatosha. Aisome mara mbili. Mara ya pili aandike: nani anasimulia, ameona nini, anadhani nini. Ripoti ya maabara inataka hichohicho. Wengi huteleza hapa: wanaandika “kuna wanga” kwenye safu ya matokeo, wakati walichoona ni ayodini kugeuka bluu-nyeusi. Wanga ni hitimisho, safu yake nyingine!

Jibu 2: Naongezea tarbia, aina ya shairi. Mishororo 4 kwa ubeti, kwa kawaida mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kwa 8. Jaribu kueleza osmosisi (maji kupenya utando wa seli) humo uone maneno ya ziada yanavyokosa pa kukaa. Angalizo: “mtu” ni mizani 2, m-tu. Wengi huhesabu 1, mshororo unazidi.

Jibu 3: Kwa wanaoelekea udaktari ndiyo usiseme. Mgonjwa huja na kisa. Dalili imejificha kwenye “tangu mvua zianze”. Ila asikariri muhtasari wa kitabu, asome kitabu chenyewe.