Tupeane uzoefu: theluji isiyoondolewa vizuri kwenye mitaa ya Minneapolis

Mwanzisha mada
Ndugu zangu wa Minneapolis na vitongoji vyake, majira ya baridi yakishika malalamiko ni yaleyale. Barabara kubwa lami inaonekana nyeusi tii, ukikata kona kuingia mtaani unakuta mifereji miwili ya matairi imeganda kama zege. Wazee wanateleza, na gari la wagonjwa linaingia kwa kusuasua. Anayejua kwa nini inakuwa hivi, na mtu afanye nini, atuwekee hapa. Tuache lawama tupu, tuandike mambo ya kufanyia kazi.

Dereva wa Usiku
Anza kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu za jimbo ni za idara ya uchukuzi ya Minnesota, nyingine ni za kaunti, mitaa ni ya jiji, na kila mmoja ana malori yake ya kuondoa theluji. Lori likipita limeinua bledi, lile bamba la chuma la kusukumia theluji, mara nyingi halijafika kwenye kipande chake, au linamwaga chumvi tu. Kuulalamikia jiji kwa barabara ya kaunti ni kupoteza siku nzima.

Pili, shikeni ratiba ya dharura ya theluji, yaani siku ambazo jiji linazuia kuegesha ili malori yapate kusafisha. Saa hizi nazihesabu Kiswahili, msije mkachanganya. Jiji hutangaza kabla ya saa 12 jioni. Siku ya 1, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, marufuku kuegesha upande wowote wa zile barabara za dharura zenye vibao vyake. Siku ya 2, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwenye mitaa ya kawaida magari yatoke upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya 3, saa zilezile, upande wa witiri.

Sasa hesabuni. Upande wa witiri wa mtaa mdogo unaweza kukaa siku mbili unakanyagwa kabla haujaguswa. Theluji laini bledi inaibeba bila shida. Iliyokwisha kushindiliwa na matairi, bledi inapita juu yake tu na kuisugua iwe nyororo, na hapo utelezi unazidi.

Mama wa Northside
Hapo kwenye magari niongeze. Gari moja likiachwa, lori linalikwepa. Linapolizunguka linaacha nundu ya theluji mbele, ubavuni na nyuma. Gari likiondoka nundu inabaki, usiku inaganda, na safari ijayo lori linaikwepa nundu yenyewe. Ndivyo mtaa unavyozidi kuwa mwembamba kila theluji inapoanguka. Kwenye baridi ya 2022–2023 jiji lilifika mahali pa kuzuia kuegesha upande wa namba shufwa kabisa, ili zimamoto wapate njia. Kwa hiyo jirani mgeni asiyesoma Kiingereza, mgongee mlango umweleze siku ya upande wake. Unamwokoa na faini na gharama ya gari kuvutwa, na mtaa mzima unafaidi.

Fundi Brooklyn Park
Chumvi watu wanaimwaga kama mchanga wa ujenzi, na haifanyi kazi wakati wote. Chumvi ya kawaida ya barabarani inaanza kushindwa lami ikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, yaani karibu -9 za Selsiasi. Ndiyo maana wiki ya baridi kali malori yanapita na barafu haiyeyuki: kosa si la dereva. Baridi ikizidi hapo, kloridi ya kalsiamu, aina nyingine ya chumvi ya kuyeyushia barafu, ndiyo inayofanya kazi, au mwaga mchanga. Mchanga hauyeyushi chochote, unazuia mguu usiteleze tu.

Kipimo: kikombe cha kahawa cha aunsi 12 hubeba karibu ratili moja ya chumvi, na hiyo inatosha futi za mraba 250. Komba theluji kwanza, chumvi baadaye. Punje zikikauka juu ya lami, zifagie uzitumie tena. Zisipofagiwa zinaishia kwenye maziwa yetu, na huko hazitoki.

Mzee wa Beleshi
Linaloumiza migongo ni tuta ambalo lori huliacha mlangoni mwa njia ya gari, ile ya kuingilia nyumbani. Bledi imeinama kuelekea kulia, kwa hiyo inasukuma kila kitu ukingoni, na penye upenyo wa njia yako ndipo theluji inapoingia. Dawa yake: simama kwenye njia ya gari ukitazama barabara. Lori litatokea kushoto kwako. Upande huo, kando ya barabara, safisha nafasi ya kama futi 10. Mzigo wa bledi utaangukia kwenye shimo hilo kabla ya kufika mlangoni. Theluji yako yote ilundike upande wa kulia. Tuta dogo litabaki, lakini si lile la kufika magotini.

Na kama kuna bomba la zimamoto mbele ya nyumba, libakizie futi 3 wazi kila upande.

Dada Mpangaji
Kaka na wazee, ahsanteni. Siku ya 3 ikipita na mtaa haujaguswa, malalamiko yapelekwe vipi? Na tuta likishaganda?

Dereva wa Usiku
Piga 311, namba ya huduma za jiji, dada. Taja mtaa, kuanzia njia panda ipi hadi ipi, upande wa shufwa au witiri, na saa uliyoona. Weka picha inayoonyesha kibao cha mtaa. "Mtaa wetu ni mbaya" haimfikishi dereva popote.

Mzee wa Beleshi
Tuta lililoganda usilimwagie maji ya moto, yataganda upya yawe kioo. Nyunyiza kloridi ya kalsiamu, subiri kama nusu saa, kisha chokoa kwa chuma bapa kuanzia chini, pale barafu inaposhikana na lami. Yatoke mapande mapande. Yasogeze kwenye nyasi zako; kuyatupa barabarani sheria ya Minnesota inakataza, na gari la jirani likiyagonga gizani linaumia.